Mfalme Keshakwenda, Mbona wa Muda Hawakai?

Maswali ya wasomaji, yakijibiwa na Mwalimu wa Kibokoni

Toleo lililopita nilimtaja Kerensky, waziri mkuu wa serikali ya muda ya Urusi mwaka 1917, kwa sentensi moja tu, nikijibu swali la mtu mwengine kuhusu Vita Vikuu vya Kwanza. Sentensi hiyo imeniletea barua nyingi kuliko majibu marefu niliyoyatolea jasho. Basi safu nzima leo ni ya wafalme walioondoka na wale walioshika baada yao.

SWALI. Mwalimu, assalamu alaykum. Nafanya kazi bandarini Kilindini na nakaa Likoni. Jioni tuna baraza letu, na juzi ubishi ulikuwa Urusi ya 1917. Mimi nashikilia kwamba Kerensky alikuwa mtu wa maneno matupu, na kwamba serikali ile ya muda ingepata kiongozi shupavu isingeanguka. Mwenzangu anasema hata angewekwa simba angeanguka, akanipa mfano wa Iran ya 1979: Shah kaondoka, serikali ya muda imekuja, haikumaliza mwaka. Tumewekeana chai na mahamri. Nani anunue?

*Msomaji, Likoni*

JIBU. Wa alaykum salaam, mwanangu. Nunua wewe. Mwenzako ana haki, ingawa sijui kama sababu zake ni hizi zangu.

Kerensky alipenda kuhutubia, hilo nakupa. Lakini kabla yake waziri mkuu alikuwa Prince Georgy Lvov, mtu mpole asiyependa makelele, naye aliondoka Julai. Kati ya Machi na Novemba 1917 baraza la mawaziri lilipangwa mara nne. Waliberali walijaribu peke yao, kisha wakachanganyika na wasoshalisti, kisha wakapangana upya. Ukiwabadilisha watu mara zote hizo na unyonge ukabaki palepale, acha kuwapima watu, pima kiti walichokalia.

Anza na karatasi. Tarehe 15 Machi Tsar Nicholas II, akiwa ndani ya behewa lake la treni mjini Pskov, alitia saini ya kuacha ufalme na kumwachia mdogo wake, Mikhail. Siku ya pili Mikhail akakataa. Aliandika kwamba atashika utawala ikiwa tu Bunge la Katiba, litakalochaguliwa na wananchi wote, litamtaka. Na mpaka hapo raia waitii Serikali ya Muda. Ukoo wa Romanov uliotawala tangu 1613 ukaishia kwenye aya hizo chache. Sasa itazame hati hiyo kwa jicho la karani wa mahakama. Serikali mpya imeidhinishwa na mtu aliyekataa kushika mamlaka, na katika karatasi ileile imeandikiwa mwisho wake. Mawaziri wenyewe wengi walitoka katika Duma, bunge lililochaguliwa 1912 kwa sheria iliyoipa kura ya tajiri uzito kuliko kura ya mkulima. Hakuna aliyeweza kusimama mbele ya umati wa Petrograd, mji mkuu wa wakati ule, akawaambia, "Ninyi ndio mlionichagua."

Halafu kuna jambo ambalo wanafunzi wangu walikuwa hawaliamini mpaka niwaulize nani anayemlipa askari. Tunadhani mfalme akiondoka, chini yake kila kitu kinabaki kama kilivyo: askari, hakimu, mtoza kodi, mkuu wa mkoa. Lakini askari wa Urusi aliapa kwa jina la Tsar, na gavana alitumwa na Tsar. Jina lilipoondoka, kila mwenye sare alijikuta hajui anamtumikia nani. Serikali ya Muda yenyewe ikawafukuza magavana wa zamani na kuwavunja polisi. Msiilaumu haraka. Polisi wale walichukiwa mno, na vituo vyao mjini vilikuwa vimeshachomwa moto kabla mawaziri hawajakaa kitako. Ila ilipofika wakati wa kukusanya nafaka vijijini, au kumlinda mwenye shamba aliyevamiwa, waziri alikuwa na mihuri na hakuwa na mtu wa kumtuma.

Mwenye watu alikuwa chumba cha pili. Nasema chumba cha pili bila kutia chumvi: katika Jumba la Tauride, kamati ya Duma ilikaa upande mmoja, na upande wa pili ikakaa Sovieti, yaani baraza la wajumbe wa wafanyakazi na wanajeshi. Tarehe 14 Machi, kabla Tsar hajatia saini yake, Sovieti ilishatoa Amri Namba 1: wanajeshi wafuate amri za Duma pale tu zisipopingana na za Sovieti, na silaha zikae mikononi mwa kamati za askari, maofisa wasikabidhiwe. Guchkov, waziri wa vita, alikuwa na siku chache tu ofisini alipomwandikia Jenerali Alekseev kumweleza kwamba serikali haina nguvu yoyote halisi. Amri zake hufika pale Sovieti inaporuhusu, kwa kuwa wanajeshi, reli, posta na simu viko kwa Sovieti. Huyo ni waziri wa vita wa nchi iliyo vitani! Na ajabu zaidi, wakuu wa Sovieti wa wakati ule hawakutaka kutawala. Waliamini zamu ya wasoshalisti bado. Mmoja ana cheo bila nguvu, wa pili ana nguvu na hataki cheo.

Hayo yote yanaeleza kwa nini ilikuwa dhaifu mwanzoni. Hayaelezi kwa nini haikupata nguvu baadaye, maana miezi minane si siku mbili. Hapo ndipo pana neno langu.

Hapa Mji wa Kale tuna nyumba za mirathi. Mzee amefariki, warithi wako Maskati, London na Malindi, hawajakutana, na jamaa mmoja amewekwa aiangalie nyumba. Wapangaji wanamwendea: paa linavuja. Anawajibu kwa adabu kwamba yeye si mwenye nyumba, wasubiri warithi wakae. Anasema kweli, wala hana hila. Lakini masika hayasubiri warithi. Mwezi wa pili wapangaji hawalipi kodi, na wa tatu kila mmoja ameezeka upande wake apendavyo.

Serikali ya Muda ya Urusi ilikuwa na adabu hiyo. Wakulima walitaka ardhi ya mabwana. Wakaambiwa wangoje Bunge la Katiba. Wafini na Waukraine walitaka mambo yao waamue wenyewe. Nao wakaambiwa wangoje. Jambo pekee lisilongojewa lilikuwa vita, kwa sababu serikali iliona haiwezi kuwavunjia ahadi Uingereza na Ufaransa, na mwanzoni mwa Julai ikaamrisha shambulio kubwa ambalo lilivunjika vibaya. Askari, ambao wengi wao walikuwa wana wa wakulima, walikuwa wakitoroka kwenda kuwahi mashamba yasigawanywe bila wao.

Na Bunge lenyewe lililongojewa? Tume ya kuandika sheria ya uchaguzi ilianza vikao karibu miezi mitatu baada ya Tsar kuondoka. Wanasheria wazuri sana. Walitaka sheria isiyo na doa: wanawake wapige kura, askari walioko vitani wapige kura, hesabu ya viti iwe ya haki. Waliipata. Uchaguzi ukapangwa 30 Septemba, kisha ukasogezwa hadi 25 Novemba. Wabolsheviki, chama cha Lenin, walichukua mji tarehe 7 Novemba, siku 18 kabla ya kura.

Usiku uliofuata Lenin alisoma amri ya amani na amri ya ardhi. Na ukitaka kucheka, isome ile amri ya kuiunda serikali yake: nayo inajiita ya muda, mpaka Bunge la Katiba likutane. Uchaguzi ukafanyika, Wabolsheviki wakapata kama robo ya kura, Bunge likakutana 18 Januari 1918, na asubuhi ya pili likafungwa. Tofauti ya Lenin na Kerensky haikuwa jina la serikali. Mmoja aliamini kwamba yeye ni wa muda, wa pili hakuamini hata kidogo.

Ndiyo maana nasema udhaifu wa serikali hizi unatoka palepale zinapotoa heshima yao. Kukiri kwamba "sisi si wenyewe" ndiko kunakowafanya watu waungwana wazikubali wiki ya kwanza, na ndiko kunakowafanya watu wenye njaa wazipuuze mwezi wa sita.

Iran sasa. Shah aliondoka 16 Januari 1979, na mwanzoni mwa Februari Khomeini, kiongozi wa mapinduzi, akamteua Mehdi Bazargan, mhandisi, mtu wa dini na mpenda sheria, kuongoza serikali ya muda. Kazi alizopewa ni zilezile: kuendesha ofisi, kusimamia kura ya maoni, kuandaa katiba, kisha kuondoka. Lakini kila mtaa ulikuwa na kamati yake yenye bunduki, kulikuwa na Baraza la Mapinduzi juu, na mahakama za mapinduzi zilihukumu na kuua maofisa wa Shah bila kumwuliza waziri mkuu. Mwenyewe alilalamika hadharani kwamba amepewa kisu kisicho na makali. Tarehe 4 Novemba wanafunzi waliuvamia ubalozi wa Marekani mjini Tehran. Bazargan alitaka watoke, hakuna aliyemsikiliza, na tarehe 6 akajiuzulu. Kerensky na Bazargan hawakufanana kwa tabia wala kwa itikadi. Kiti ndicho kilichofanana.

Ukitaka wa tatu, mtazame Sun Yat-sen. Alikuwa rais wa muda wa China kuanzia 1 Januari 1912, na mtoto Puyi akavuliwa ufalme tarehe 12 Februari, lakini aliyepanga kuvuliwa huko alikuwa Yuan Shikai, mwenye jeshi la kaskazini. Sun alijua kuhesabu bunduki. Akamwachia Yuan urais, na kabla 1915 haijaisha Yuan akajitangaza mfalme.

Mahamri ya iliki, tafadhali, na mbaazi za nazi juu yake.

SWALI. Mwalimu, kwa maelezo uliyowahi kutupa darasani, nilikuwa nikiamini dawa ya serikali ya muda ni uchaguzi wa haraka. Je, ni kweli kila mahali? Au ulitufundisha ili tufaulu mtihani?

*Mwanafunzi wako wa zamani, Tudor*

JIBU. Niliwafundisha mfaulu mtihani, na mlifaulu. Sasa tuseme ukweli wote.

Ujerumani inakubali somo hilo. Ufalme ulianguka 9 Novemba 1918, na Kansela Max von Baden alitangaza kwamba Kaiser, yaani mfalme wao, amejiuzulu kabla Kaiser mwenyewe hajakubali. Friedrich Ebert akashika. Siku mbili baadaye vita vikasimama, na tarehe 19 Januari 1919 Wajerumani, wanawake kwa mara ya kwanza, wakapiga kura. Kama wiki kumi. Ebert hakumwambia mtu angoje amani, na kura aliipa tarehe ya karibu. Hispania vilevile: Mfalme Alfonso XIII aliondoka 14 Aprili 1931, na Juni 28 watu wakawachagua wabunge wa kuandika katiba.

Lakini Ebert alilipa. Usiku wa tarehe 10 Novemba alizungumza kwa simu na Jenerali Groener: jeshi lilinde serikali, na serikali isiwaguse maofisa. Januari, siku nne kabla ya uchaguzi, wanajeshi waliwaua Rosa Luxemburg na Karl Liebknecht. Maofisa walewale wasioguswa waliendelea kuichukia jamhuri kwa miaka yote iliyofuata. Kwa hiyo aliyekuwa na bunduki alipatikana, ila hakupatikana bure.

Ufaransa ya 1848 ndiyo niliyowaficha, kwa sababu inaharibu somo. Mfalme Louis-Philippe alikimbia 24 Februari, na tarehe 23 Aprili wanaume wote wakapiga kura. Haraka iliyoje! Lakini hazina ilikuwa tupu, na katikati hapo serikali ya muda ikaongeza kodi ya moja kwa moja kwa senti 45 juu ya kila faranga. Aliyelipa ni mkulima wa kijijini, ambaye mapinduzi aliyasikia tu kutoka Paris. Aprili alichagua watu wa zamani, matajiri na wanasheria wa wilaya yake. Juni wafanyakazi wa Paris, walipofungiwa karakana za taifa zilizowapa ajira, walipigana na jeshi barabarani. Desemba Louis-Napoleon akachaguliwa rais kwa zaidi ya kura milioni 5, akapindua 1851, na 1852 akawa mfalme. Uchaguzi wa haraka uliwapa Wafaransa serikali halali, lakini haukuwarudishia zile senti 45.

Basi nikiulizwa leo nitasema tarehe ya karibu husaidia, mradi serikali iwe imeshajibu jambo moja ambalo watu walitokea barabarani kwa ajili yake. Ebert alijibu vita. Paris ilijibu kwa kutoza.

SWALI. Shikamoo Mwalimu. Marehemu babangu akitusimulia bendera nyekundu ya Sultani iliyopepea juu ya Fort Jesus. Ilipoteremshwa mwaka 1963 mbona hapa hapakuwa na serikali ya muda wala fujo, na Unguja mwezi mmoja tu baadaye mambo yakawa vile?

*Msomaji, Majengo*

JIBU. Marahaba, binti yangu. Swali hili nimelisubiri miaka.

Sultani wa Zanzibar alikuwa mwenye Mwambao kwa hati, lakini tangu 1895 Waingereza ndio waliouendesha ukanda huu wa maili kumi, nao wakimlipa pauni 11,000 kwa mwaka. Liwali, mudiri na kadhi walikuwapo kwa heshima yake, lakini polisi, bandari, reli na ofisi ya ardhi vilikuwa kwa serikali ya Kenya. Kulikuwa na vuguvugu la Mwambao, watu waliotaka pwani ijitawale. Sir James Robertson akaja kuchunguza, na mwaka 1961 akapendekeza ukanda uunganishwe na Kenya. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohammed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, wakakubaliana: Sultani anaachia, Kenya nayo inaahidi kulinda mahakama za kadhi, uhuru wa dini na hati za ardhi. Mahakama hizo zimo hadi leo, kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010. Sisemi kila mtu wa hapa aliridhika. Ubishi wa ardhi ya pwani mnaujua kuliko mimi.

Lakini angalia kilichokosekana: pengo. Kenya ilishapiga kura Mei 1963, na serikali ya Madaraka ilikuwa kazini tangu Juni mosi. Tarehe 12 Desemba askari wa Mombasa aliamka akiwa na mkuu yuleyule wa kituo na mshahara uleule. Hapakuwa na mtu aliyewekwa kusubiri warithi, kwa sababu warithi walikuwa wameshakaa.

Na hapa niwaongezee kitu ambacho hata walimu wenzangu hukisahau. Kenya iliyopata uhuru siku ile bado ilikuwa na malkia! Elizabeth alibaki Malkia wa Kenya, akiwakilishwa na Malcolm MacDonald, mpaka tulipokuwa jamhuri tarehe 12 Desemba 1964. Yaani Mombasa imepoteza wafalme wawili katika mwaka mmoja, na wa pili hakuna babu anayemsimulia. Ufalme ukianguka baada ya serikali ya kuchaguliwa kuwa imeshazoeleka, watu hawasikii hata mshindo.

Unguja ilikuwa kinyume. Ilikuwa huru tangu 10 Desemba 1963, na serikali ya Shamte ilikuwa imeshinda viti huku wapinzani wao wa chama cha Afro-Shirazi wakiwa na kura nyingi zaidi. Walioshindwa hawakuona kwamba nchi ni yao. Usiku wa kuamkia 12 Januari 1964 ikapinduliwa. Sultani Jamshid alikimbia kwa meli yake, *Seyyid Khalifa*. Hapa Mombasa hakuruhusiwa kushuka. Mtu ambaye mwezi mmoja nyuma bendera yake ilikuwa juu ya Fort Jesus alirudi baharini kuelekea Dar es Salaam, na kutoka huko akaenda Uingereza.

Mwanzoni Unguja nayo ilikuwa na vyumba viwili. John Okello alikuwa na bunduki na redio, Abeid Karume alikuwa na chama. Kitu kilichotofautisha na Petrograd ni kwamba Karume hakukaa na hali hiyo: kufikia Machi Okello alikuwa ameshazuiwa kurudi visiwani. Machi hiyohiyo ardhi yote ikatangazwa kuwa ya serikali, na baadaye watu wakagawiwa eka tatu tatu. Aprili 26 ukaja Muungano na Tanganyika, na nyuma yake jeshi na dola kubwa zaidi. Baraza la Mapinduzi halikumwambia mkulima angoje ardhi. Lilimwambia angoje kura, naye aliingoja hadi 1980. Waliouawa na waliokimbia katika siku zile sikuwasahau, binti yangu. Wengine walishukia mitaa hiihii ya kwetu, na wajukuu wao nimewasomesha. Nakujibu uliloniuliza, kwa nini utawala ule ulikaa.

SWALI. Mwalimu, mimi ni dereva wa malori, njia yangu ni Moyale. Huko Waethiopia wanasimulia Derg, lile baraza la wanajeshi lililowatawala. Ile si ilijiita ya muda, na ikakaa miaka na miaka? Inaharibu hesabu yako.

*Msomaji, Changamwe*

JIBU. Haiharibu, kaka, inaitimiza, tena kwa namna ya kutisha.

Haile Selassie aliondolewa 12 Septemba 1974, akatolewa kwenye kasri lake ndani ya Volkswagen ndogo. Waliomtoa walijiita Baraza la Muda la Utawala wa Kijeshi. Jina hilo la muda walilibeba mpaka 1987. Lakini Derg haikuwa na jirani mwenye silaha chumba cha pili. Wenye silaha walikuwa wao. Na ardhi hawakuingojea: Machi 1975 ardhi yote ya mashambani ilitangazwa mali ya umma, na mwenye kupangisha mashamba, bwana mkubwa wa karne nyingi, akabaki bila kitu.

Ila usidhani waliokalia kiti chenyewe walistarehe. Mwenyekiti wa kwanza, Jenerali Aman Andom, aliuawa 23 Novemba 1974, usiku uleule walipouawa wakuu kama 60 wa utawala wa zamani. Aliyemfuata, Teferi Benti, aliuawa Februari 1977. Mengistu Haile Mariam ndiye aliyebaki, mpaka alipokimbia Mei 1991. Ndani ya baraza la bunduki swali la nani mwenye nyumba lilijibiwa kwa bunduki. Mpole kama Prince Lvov angemaliza wiki ngapi mle? Yeye angalau aliondoka Petrograd akiwa hai.

Salamu zetu kwa Moyale.

SWALI. Mwalimu, kitabu kimoja kinasema Mapinduzi ya Februari, kingine kinasema yalianza Machi. Kimoja Oktoba, kingine Novemba. Mtihani uko karibu. Niandike ipi?

*Mwanafunzi wa sekondari, Kisauni*

JIBU. Vitabu vyote viwili viko sawa. Urusi ya Tsar ilitumia kalenda ya kale, ambayo katika karne iliyopita ilikuwa nyuma ya hii yetu kwa siku 13. Maandamano ya mkate mjini Petrograd yalianza 23 Februari kwa kalenda yao, na kwetu hiyo ni 8 Machi. Wabolsheviki walichukua mji 25 Oktoba yao, 7 Novemba yetu. Serikali ya Lenin ilibadili kalenda mwaka 1918: watu walilala 31 Januari, wakaamka 14 Februari. Mimi katika safu hii nimetumia kalenda ya sasa kote. Wewe andika majina kama yalivyozoeleka, Februari na Oktoba, na kila ukitaja tarehe ongeza ni ya kalenda ipi. Msahihishaji hatakuwa na pa kukukata.